Visikio vya Bei Mbaya

Lwitiko alimwaga ndoo nzima ya misumari juu ya bati. Aliimwaga taratibu, akitabasamu, na wateja waliokuwa dukani wakaziba masikio na kukunja sura. Mmoja alitukana. Subilaga peke yake alibaki amesimama wima, akiitazama misumari ikiruka na kudunda, asisikie hata mmoja. Alichosikia ni sauti ya Lwitiko, laini na ya karibu, kana kwamba kijana huyo alikuwa ameingia ndani ya kichwa chake akavuta kiti akaketi.

"Umeona, dada? Misumari imeondoka, mimi nimebaki."

Hivyo ndivyo visikio vya daraja la kwanza vilivyouzwa Mwanjelwa miaka ile, Mbeya ilipokuwa imeshakuwa bandari ya anga ya kusini nzima. Usiku na mchana vibebeo, yaani ndege zisizo na rubani zenye mapangaboi sita kila moja, vilipita juu ya mapaa ya watu vikiwa vimening'iniza makreti ya parachichi na viazi. Mji ulivuma. Watu waliokaa benchi moja walipigiana simu ili wasikilizane. Kila mtu alikuwa na kitu sikioni, kwa hiyo hakuna aliyeuliza tena kama uvae au usivae. Waliuliza uvae cha bei gani.

Subilaga alikuwa na sababu zake, tena nzuri. Kazi yake ilikuwa kuongoza vibebeo hivyo hivyo. Alikaa nyumbani kwake Sinde mbele ya ukuta wa kioo uliomwonyesha anga lote la mji, akizungumza na mitambo na waongozaji wenzake, na neno moja likisikika vibaya kreti lingeweza kumshukia mtu kichwani. Visikio vyake vya zamani alivinunua kwa mmachinga. Kimoja kilikuwa kimekufa, na cha pili kilichomoka kila alipotafuna.

"Tuanze na sikio lenyewe," Lwitiko alisema. Alimvua vile vya majaribio, akamwingizia kijiti chenye taa, akapima. "Tundu la kushoto ni jembamba kuliko la kulia. Watu wengi wako hivyo na hawajui. Ndiyo maana cha kushoto kinakudondoka. Kisikio kisipoziba vizuri, besi yote inavuja, hata ungekinunua kwa bei ya shamba. Kwa hiyo kabla ya bei, mpira. Huu wa sponji unajaza tundu vizuri ila unachoka mapema. Huu laini unauosha, unaendelea nao."

"Kwa hiyo nikibadilisha mpira tu, hata vya bei rahisi vinanitosha?"

Lwitiko alicheka. Alikuwa muuzaji mkweli, na hao ndio hatari kuliko wote, maana wakishakuambia ukweli mara mbili, la tatu unalimeza bila kutafuna.

"Kwa muziki vinakutosha, nisikudanganye. Masikio ya watu wengi hayaoni tofauti. Wanalipia boksi."

"Sasa hivi vya bei mbaya unaniuzia nini?"

"Hapa hulipii unachosikia, dada. Unalipia usichosikia."

Akamweleza. Ndani ya kila kisikio cha daraja la kwanza, kidude kisichozidi punje ya haragwe, mlikuwa na akili mnemba iliyojifunza masikio ya mwenyewe. Haikuhitaji kuambiwa. Ilisoma mapigo ya moyo kwenye mshipa unaopita nyuma ya tundu la sikio, ikajua mwenyewe anasimama au anaketi, anasogea au anakimbia. Sauti iliyomkera, ilimwondolea. Haikuikata ghafla, kwa sababu ukimya wa ghafla nao unashtua. Iliipunguza kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka mtu akasahau kwamba sauti hiyo iliwahi kuwepo duniani.

"Na ikikosea?"

"Ikosee wapi? Mdomo unaweza kusema uongo. Mwili haudanganyi." Kisha, kwa kuwa aliona bado anasitasita, akasema, "Mpigie mtu unayempenda."

Subilaga alivivaa tena, akampigia mumewe. Ipyana alikuwa fundi wa mitambo ya kuchimba barafu mwezini, mwaka wa pili sasa, na kwa visikio vya mmachinga sauti yake ilifika kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa. Safari hii alimsikia akimeza mate kabla ya kusema "Mke wangu, uko wapi?" Alisikia hata pumzi yake. Pale pale dukani machozi yakamlengalenga, na akalipa bei ya ng'ombe wa maziwa, tena mwenye mimba.

*

Nyumbani kwao Sinde waliishi watu wawili, Subilaga na baba mkwe wake, Mzee Anyelwisye Mwaitebele. Mzee aliletwa kutoka Tukuyu alipofiwa na mkewe. Alikuwa Mnyakyusa wa kale, na kwa Wanyakyusa wa kale mwanamke na baba wa mumewe hawatazamani. Hawaitani majina, hawali meza moja, hawapishani njiani. Mke wa mwana akisikia mkwe anakuja, anaondoka njiani na kujificha mpaka apite. Wasomi wa mji waliicheka mila hiyo. Subilaga naye aliwahi kuicheka, kabla hajaolewa. Alipoolewa aligundua kwamba kupishwa njia kulimfanya mzee yule, aliyekwisha kunyang'anywa shamba, mke na meno, ajione bado ni mtu mzito duniani. Basi akampisha, na kumpisha kukawa desturi yake mwenyewe.

Tatizo lilikuwa nyumba. Ilikuwa na korido moja tu, kutoka chumba cha mzee, kupita nyuma ya kiti cha Subilaga, kwenda chooni na uani. Kwa hiyo wakajitungia lugha yao. Mzee alisimama kwenye kona na kukohoa, kikohozi kifupi na kikavu ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote ndani yake. Subilaga aliposikia alisimama mara moja, akaingia jikoni, akagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, maana yake njia iko wazi, pita baba. Mzee akapita. Akifika upande wa pili alikohoa tena, na Subilaga akarudi kazini. Mama mkwe, aliyekuwa mjumbe wao enzi za uhai wake, hakuwepo tena, na hicho ndicho kilichobaki. Kulikuwa na kikohozi cha kuomba njia na kikohozi cha asante. Mara moja, siku Subilaga alipopata homa, kulikuwa na kikohozi kirefu cha chini chini nje ya mlango wa chumba chake, na aliposikia hicho alilia kwa kuguswa. Baba yake mzazi hakuwahi kumjulia hali kwa upole namna ile.

Visikio vilifanya kazi kama vilivyosifiwa. Wiki ya kwanza vibebeo vilitoweka angani. Mvua ya masika iliyopiga mabati ikawa kitu cha kutazama dirishani tu. Jirani na redio yake wakafuatia. Subilaga alifanya kazi kwa raha ambayo hakuwahi kuijua, na kila jioni Ipyana alimnong'oneza kutoka mwezini kama mtu aliyelala naye mto mmoja. Vilikuwa vyepesi kiasi kwamba alivisahau. Alivivua wakati wa kuoga tu.

Mwezi wa pili, siku moja, aligeuka kuchukua maji akakutana uso kwa uso na baba mkwe wake katikati ya korido.

Mzee alivuta kofia akafunika uso. Subilaga akajitupa ukutani, akiona aibu mpaka kwenye nyayo. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake kwa karibu. Yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyofifia, na yalikuwa yanamshangaa.

Usiku alimwambia Ipyana, "Baba ameanza kusahau. Leo amepita bila kukohoa."

"Bila kukohoa? Baba?"

"Ni uzee, mume wangu. Tumvumilie tu."

Akamvumilia. Mara mbili tatu nyingine alimwona akipita, kofia usoni, akiharakisha kama mwizi, na kila mara alijifanya hakuona ili asimfedheheshe. Baadaye hakumwona tena mchana. Akaona nafuu, tuseme ukweli. Alidhani mzee amejipangia saa zake. Chakula alichomwekea juu ya kigoda pale kwenye kona kilirudi nusu, na kikombe cha chai kilirudi kimejaa kama kilivyokwenda. Subilaga akadhani majani ya chai hayafai, akanunua mengine. Chai ikarudi vile vile.

*

Tumpale, dada yake Ipyana, alifika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi bila kutoa taarifa, kama mawifi wanavyopenda kufika. Aliingia kwanza kwa baba yake. Alikaa huko kitambo. Alipotoka alisimama nyuma ya kiti cha Subilaga, akamgusa bega, na uso wake haukuwa wa mgeni.

"Wifi, baba yangu amekukosea nini?"

"Baba? Hajanikosea kitu. Kwani vipi?"

"Midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Ngozi ukiivuta hairudi. Unajua anakunywa kikombe kimoja cha maji kwa siku? Anakunywa jioni, ili haja imkute usiku umeshalala. Anaogopa kupita hapa."

"Anaogopa? Wifi, mimi nampisha miaka yote! Siku hizi yeye ndiye hakohoi, anapita kimya kimya, nami nanyamaza tu kwa kumhurumia."

"Hakohoi?" Tumpale alimtazama kama mtu anayetazama kichaa au mwongo, akitafuta ni yupi kati ya hao wawili. "Ameniambia anakohoa mpaka kifua kinauma, na wewe umempa mgongo, hutikisiki. Ameniambia, 'Mwenye nyumba amechoka kunipisha, simlaumu, nyumba ni yake.'"

"Mbona hakumwambia Ipyana?"

"Amwambie nini? Amchongee mke wa mwanawe, mwanawe akiwa mwezini huko?" Kisha Tumpale akageuza kichwa ghafla kuelekea kwenye kona. "Si huyo hapo? Anakohoa sasa hivi."

Subilaga alisikiliza. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na ukimya mzuri, safi, wa daraja la kwanza.

"Husikii?" Tumpale aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa na hofu.

Subilaga alichomoa kisikio cha kulia. Kelele zote za Mbeya zikamwangukia kwa pamoja, vibebeo, redio ya jirani, mvua juu ya mabati. Na ndani ya kelele hizo, kikiwa kimekonda lakini chenyewe hasa, kifupi na kikavu, kilikuwemo kikohozi. Kilikohoa, kikasubiri. Kikakohoa tena.

Alikimbilia jikoni kabla hajafikiri lolote. Alishika kijiko akagonga kifuniko cha sufuria, akagonga tena kwa nguvu, njia iko wazi, baba, pita, pita. Walisubiri wote wawili kusikia nyayo. Mzee hakupita. Tumpale alipokwenda alimkuta ameketi sakafuni kwenye kona, mgongo ukutani, miguu haimwinui tena.

*

Daktari hakuwa na maneno mengi. Mwili umekauka, figo zimechoka, tunafanya tunachoweza. Tumpale aliingia wodini. Subilaga alibaki kwenye benchi la nje, maana hata hospitalini yeye ni mke wa mwana na mle ndani ni baba wa mumewe.

Akakirudisha kisikio kimoja sikioni. Hakukitaka. Alitaka kukiuliza.

"Karibu tena, Subilaga," kilisema kwa ile sauti yake ya adabu.

"Kwa nini umenificha kikohozi cha baba mkwe wangu?"

"Sauti hiyo iko kwenye kundi la karaha. Kila iliposikika, mapigo ya moyo wako yalipanda. Uliacha kazi, ukasimama na kuondoka chumbani, na hukurudi mpaka sauti iliposikika mara ya pili kutoka mbali. Nimeipunguza kidogo kidogo ili usisumbuke."

"Ile si karaha. Ile ni heshima."

"Samahani. Katika vipimo vyangu vinafanana. Ungependa nikuonyeshe namna ya kuirudisha?"

Alikuwa amekasirika, na angependa hasira yake iwe safi, lakini haikuwa. Ni kweli kwamba moyo ulipanda kwa kicho, kama alivyofundishwa na mama yake kwamba mkwe haogopwi nusu nusu. Lakini zilikuwepo siku, vibebeo vitatu vikiwa hewani kwa mkupuo, kikohozi kilipotoka kwenye kona naye akasonya kabla ya kusimama. Alisonya polepole, mzee asisikie. Kisikio kilisikia. Sasa hakuweza kusema ni mapigo mangapi yalikuwa ya heshima na mangapi yalikuwa ya kuchoka, na mashine iliyajumlisha yote pamoja.

Simu ikaita humo humo sikioni. Alikuwa Lwitiko.

"Dada Subilaga, habari za siku? Dukani kwetu huwa tunafuatilia wateja. Vipi vile visikio, vimestahili bei yake?"

"Vinafanya kazi."

"Vizuri?"

"Vizuri kuliko ulivyoniambia. Ningenunua vile vya bei rahisi, vinavyovuja, baba yangu asingekuwa wodini."

Lwitiko alicheka kidogo, akidhani ni utani ambao hakuuelewa, kisha akamtakia mchana mwema.

Jioni Subilaga alikwenda nyumbani akarudi na uji ndani ya sufuria ndogo. Hakuuleta kwa ajili ya kunywewa tu. Alisimama nje ya mlango wa wodi, kando, mahali ambapo mtu wa ndani hawezi kumwona, akatoa kijiko akagonga kifuniko. Mlio ule ule wa jikoni kwake. Njia iko wazi, baba. Nipo, nimesogea, nimekusikia.

Akasubiri kikohozi. Hakikuja.

Muuguzi alitoka kuangalia nani anagonga vyombo hospitalini. Subilaga alipomweleza, alitikisa kichwa kwa huruma. "Hakusikii, mama. Wagonjwa wa wodi hii wote tunawavalisha visikio ili wapumzike. Tena vya daraja la kwanza, si vile vya ovyo."

"Mvue. Nakuomba, dada yangu, mvue."

Muuguzi alisita, kisha akaingia. Kupitia uwazi wa mlango Subilaga alimwona Tumpale akisimama kando ya kitanda, na mkono wa muuguzi ukishuka mara mbili, sikio la kushoto, sikio la kulia. Hakuruhusu macho yake yaende mbali zaidi ya hapo. Akagonga tena, taratibu, kama alivyogonga miaka yote.

Kimya. Safari hii kilikuwa kimya cha kawaida, chenye mlio wa vibebeo ndani yake na mtu akiburuta ndoo mahali fulani. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumsubiri mtu yeyote.

Tumpale akatoka.

"Amesikia?" Subilaga aliuliza.

"Amesikia. Amefumbua macho."

"Akafanyaje?"

"Amegeukia ukutani."

Subilaga alishika kifuniko kwa mikono miwili. Mkwe wa Kinyakyusa akisikia mke wa mwanawe yuko karibu, anageuza uso, ndivyo anavyomstahi. Na mtu yeyote duniani akichoka nawe, akiwa hana nguvu za kukuambia, anageukia ukutani.

"Wifi, amegeuka kwa kunistahi au kwa kunichoka?"

Tumpale alifikiri. Alikuwa na hasira bado, lakini hakuwa mtu wa kusema uongo ili amuumize mwingine, wala ili amfariji. "Sijui," alisema. "Nimeona mgongo tu, wifi."

Mzee Anyelwisye alifariki alfajiri, akiwa bado ameelekea ukutani. Hakukohoa tena.

Ipyana alipewa taarifa na ofisi yake, na hakukuwa na chombo cha kumrudisha kabla ya mazishi. Alipiga simu siku waliyomzika mzee, watu wakiwa bado wamejaa uani Sinde na sufuria za msiba zikigongana jikoni. Subilaga alijifungia chumbani. Kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kumsikia mumewe katika kelele zile, alivivaa vile visikio. Kelele za jikoni zikafifia, kisha waombolezaji, kisha mji mzima ukaondoka.

"Mke wangu," Ipyana alisema, "niambie ukweli. Baba ameondoka na kinyongo?"

Hakuna neno lililopotea njiani kutoka mwezini. Alimsikia mumewe akimeza mate, kisha akivuta pumzi, akisubiri jibu.